Tandiko la Paa: Kuchagua Kinga Iliyojificha Chini ya Bati na Vigae

Tandiko la paa ni utando mwembamba unaotandazwa juu ya kenchi kabla ya bati au vigae kufungwa. Nyumba ikikamilika, halionekani kutoka nje, na penye dari halionekani hata kutoka ndani. Ndiyo maana huwa la kwanza kufutwa fedha zinapopungua, au hununuliwa rola lolote lililopo dukani siku ya ujenzi. Njia zote mbili huleta gharama baadaye, kwa kuwa tandiko lisilofaa haliwezi kubadilishwa bila kufumua paa.

Matandiko hayafanani kwa kazi. Lipo linalozuia maji ya mvua lakini likafungia mvuke ndani. Lipo linalopitisha mvuke lakini halipunguzi joto. Na lipo linalorudisha joto lakini huliwa na chumvi ya bahari. Kwa hiyo uchaguzi huanza na swali kuhusu paa lenyewe: linasumbuliwa zaidi na maji yatokayo juu, mvuke utokao ndani, au joto la jua? Aina, uzito na bei hufuata baada ya jibu hilo.

Maji, mvuke na joto

Vigae havizibi paa kabisa. Hupangwa kwa kulaliana, na maji huteremka juu yake kwa uzito wake yenyewe. Mvua ikija na upepo mkali, maji husukumwa kurudi juu kupitia maungio na kuingia ndani. Paa lenye mteremko wa nyuzi 35 huyamwaga haraka. Lile la nyuzi 15 huyaacha yatambae polepole, na kila ufa huwa mlango. Tandiko hupokea maji yaliyopenya, au yanayopita kwenye kigae kilichopasuka, na kuyateremsha hadi kwenye gata. Husaidia pia dhidi ya upepo: hewa inayopita kasi juu ya paa huvuta vigae kwenda juu, na tandiko hubeba sehemu ya mvuto huo.

Vigae vya Mangalore vilivyoletwa pwani ya Afrika Mashariki kutoka India vinaweza kuonekana hadi leo kwenye majengo ya zamani, vikiwa vimekalia papi tupu. Mteremko mkali na hewa iliyopita huru chini yake vilitosha: maji machache yaliyoingia yalikauka kabla ya kuleta madhara. Nyumba za siku hizi zina dari za gipsamu, ambazo huacha doa kwa maji kidogo na hulegea zikilowa sana. Paa lililovumilika juu ya chumba kisicho na dari halivumiliki tena juu ya gipsamu.

Kwa mabati hali ni tofauti. Bati ni refu na maungio yake ni machache, hivyo mvua hupata nafasi ndogo zaidi ya kuingia. Tatizo lake kubwa ni umande wa ndani. Hewa yenye joto la nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo huo hushuka hadi gramu 9 hivi, na mvuke unaozidi hugeuka maji. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayoligusa. Wakati huohuo mtu aliyelala hutoa takriban gramu 40 za mvuke kila saa, kwa pumzi na ngozi yake. Familia ya watu watano ikilala saa nane hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, kabla ya kuhesabu mvuke wa jikoni na bafuni. Kwenye miinuko yenye baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, matone yanayoanguka alfajiri mara nyingi hudhaniwa kuwa ni bati linalovuja, na fundi huitwa kuziba matundu yasiyokuwepo.

Jua nalo huja na shida yake. Saa za mchana bati linaweza kupita nyuzi 60. Sehemu kubwa ya joto linalowafikia waliomo ndani haibebwi na hewa, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu; hutoka kwenye bati kwa mnururisho na kushuka moja kwa moja hadi kwenye dari, samani na miili ya watu. Mnururisho huo hauzuiwi na utando wowote tu; kuzuiwa kwake hutegemea aina ya uso unaokutana nao.

Karatasi ya lami

Tandiko la zamani zaidi kati ya yale ya kiwandani ni karatasi iliyoloweshwa lami. Kiini chake huweza kuwa nyuzi za karatasi, kitambaa cha gunia, nyuzi za kioo au poliesta. Ile yenye kiini cha karatasi ni rahisi, lakini hunyonya maji ikilowa, hujikunja na huchanika ikikanyagwa. Yenye nyuzi za kioo haivimbi kwa maji, na yenye poliesta hustahimili kuvutwa zaidi.

Sifa yake kubwa ni kwamba lami hushika msumari: tundu linalotobolewa hubanwa na lami inayolizunguka, na maji hupata shida kupita. Hasara zake ni uzito, kwani aina nyingi hupita kilo moja kwa mita ya mraba, na udhaifu wake mbele ya joto. Chini ya bati lenye joto kali lami hupoteza mafuta yake mwaka hadi mwaka, ikakauka na kupasuka, hasa sehemu iliyojitokeza ukingoni mwa paa, ambako jua huifikia. Mbao zilizopakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa huiharibu pia, kwa sababu oili hulainisha na kuyeyusha lami. Karatasi hii haipitishi mvuke kwa urahisi, hivyo nafasi iliyo chini yake lazima ipate hewa.

Utando wa plastiki uliofumwa

Utando huu hutengenezwa kwa nyuzi bapa za polipropilini au polithini zilizofumwa na kupakwa tabaka la plastiki pande zote mbili. Una uzito wa gramu 100 hadi 200 tu kwa mita ya mraba, hauozi, na ni vigumu kuuchana kwa mkono. Fundi hubeba rola moja juu ya paa peke yake na kufunika eneo ambalo karatasi ya lami ingehitaji rola kadhaa.

Aina nyingi hazipitishi mvuke kabisa, na jambo hilo halionekani kwa macho. Mnunuzi anaweza kudhani kuwa utando wa kisasa na mwepesi lazima unapumua, kumbe umefunga sawa na nailoni. Aina hii hufaa mahali ambapo tatizo kuu ni mvua na nafasi ya chini ya paa ina matundu ya kutosha ya hewa.

Nailoni ya kawaida, ile nyeusi inayotandikwa chini ya sakafu ya zege, si tandiko la paa ingawa hutumiwa mara nyingi kwa ajili ya bei yake. Haina nyuzi za kuipa nguvu. Hupasuka kwenye misumari, huharibiwa upesi na jua katika siku za ujenzi, na umande hujikusanya kwenye uso wake wa chini kisha hudondoka juu ya dari.

Utando unaopumua

Utando unaopumua kwa kawaida huwa na tabaka tatu: mbili za nje ni za nyuzi za polipropilini zisizofumwa, na katikati huwa na filamu yenye vinyweleo vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupita katika vinyweleo hivyo, ilhali molekuli za mvuke hupita bila shida. Mvua iliyopenya kwenye vigae huteremka juu yake, na mvuke wa ndani hutoka kupitia humohumo.

Hili ndilo chaguo zuri kwa nyumba za miinuko yenye baridi zenye dari iliyofungwa vizuri, na kwa paa ambalo pamba ya kuzuia joto imejazwa kati ya kenchi bila nafasi kubwa ya hewa. Hata hivyo, mvuke ukishatoka lazima upate pa kwenda. Utando ukigusana na bati kwa eneo kubwa, mvuke hugeuka maji katikati yake na kulitia bati kutu kutokea chini. Nafasi ya sentimeta mbili hadi tano kati ya utando na bati, inayoachwa kwa kupigilia papi nyembamba juu ya kila kenchi, huondoa tatizo hilo.

Vinyweleo vinaweza kuathiriwa na dawa za mbao, mafuta na sabuni. Mbao zilizowekwa dawa huachwa zikauke kabisa kabla utando haujatandazwa juu yake.

Foili

Foili ni tabaka jembamba la aluminiamu lililogandishwa juu ya karatasi, plastiki iliyofumwa au plastiki yenye mapovu ya hewa. Karatasi za awali za namna hii ziliimarishwa kwa nyuzi za mkonge. Uso wa aluminiamu inayong'aa hurudisha takriban asilimia 95 ya mnururisho wa joto unaoufikia, na wenyewe hutoa kiasi kidogo sana cha mnururisho hata ukipata moto.

Kazi hiyo hufanyika tu ikiwa uso unaong'aa unatazama nafasi ya hewa, angalau sentimeta mbili hivi. Foili iliyobanwa kati ya vitu viwili bila nafasi hupitisha joto kama kipande kingine chochote cha chuma, maana aluminiamu ni mpitishaji hodari wa joto linalogusa. Ni kwa sababu hiyo unene wa milimeta nne wa foili ya mapovu hauongezi mengi kwa wenyewe. Faida hutoka kwenye mng'ao na hewa iliyo mbele yake. Foili ya upande mmoja ni bora itazame chini, kwa sababu vumbi likitua juu ya uso unaong'aa hupunguza uwezo wake, na uso unaotazama chini haupati vumbi.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni kutu. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu na chumvi, metali moja huila nyingine. Hivyo kwenye nyumba za ufukweni foili hutenganishwa na bati. Ya pili ni umeme. Foili hupitisha umeme, na nyaya za taa mara nyingi hupita karibu na paa. Nchini Australia, wakati wa mpango wa serikali wa kuwekea nyumba vizuizi vya joto mwaka 2009 na 2010, mafundi wawili waliuawa kwa umeme walipokuwa wakifunga foili darini, na matumizi ya foili katika mpango huo yakasitishwa. Umeme huzimwa kwenye swichi kuu kabla ya kazi kuanza, na pini za chuma hazipigwi karibu na nyaya.

Utando wa lami unaojinata

Aina hii ina lami iliyochanganywa na mpira wa viwandani, na upande wake wa chini hunata ukibanduliwa karatasi ya kinga. Katika nchi za theluji hutumika ukingoni mwa paa, ambako barafu huzuia maji kutiririka. Afrika Mashariki haihitaji kufunika paa zima kwa utando huu ghali, lakini vipande vyake vina thamani kubwa mahali panapovuja zaidi: kwenye bonde la paa ambapo miteremko miwili hukutana, kuzunguka bomba la moshi au la choo, na pale paa linapoungana na ukuta. Huhitaji sehemu tambarare ya kushikilia, kama mbao zilizopangwa au plaiwudi.

Paa, mahali na tandiko

Kwa vigae vya udongo au zege, tandiko huwa la lazima isipokuwa kwenye banda au jengo lililo wazi. Penye mteremko wa kawaida na hewa ya kutosha darini, utando wa plastiki uliofumwa au karatasi nzuri ya lami hutosha. Penye baridi, utando unaopumua huwa salama zaidi. Vigae vya chuma vilivyopakwa chembe za mawe vina tabia zote mbili, maungio mengi kama vigae na baridi ya usiku kama bati, kwa hiyo navyo vinastahili utando unaopumua katika miinuko. Vigae laini vya lami hupigiliwa juu ya plaiwudi, na kati yake na plaiwudi hiyo huwekwa tandiko la lami au la plastiki lililokusudiwa kazi hiyo.

Nyumba ya bati mjini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukabiliwa zaidi na joto. Hapo foili yenye nafasi ya hewa, ikisaidiwa na matundu makubwa ukingoni mwa paa na kwenye kofia ya kileleni, huleta nafuu inayohisiwa. Dodoma na sehemu nyingine kame zina joto la mchana na vumbi jingi, hivyo foili inayotazama chini ndiyo inayodumu na mng'ao wake. Njombe au Limuru hali hugeuka: joto la jua si shida kubwa, na fedha hutumika vyema kwa utando unaopumua. Bukoba na maeneo mengine yanayopata mvua nyingi karibu na Ziwa Victoria huhitaji kwanza uwezo wa kuzuia maji na ufungaji makini wa maungio.

Paa la makuti au nyasi kwa kawaida halitandikwi kitu, kwa sababu hukauka kwa kupitisha hewa pande zote mbili. Nailoni ikiwekwa chini yake huzuia upande mmoja, na makuti huoza mapema. Paa la zege lisilo na mteremko nalo ni jambo jingine. Lenyewe huzuiliwa maji kwa utando unaopakwa au kuchomelewa juu ya zege.

Tandiko jembamba halipunguzi sana kelele ya mvua kwenye bati. Anayetafuta utulivu huhitaji pamba nene ya kuzuia joto na sauti pamoja na dari nzito.

Kusoma lebo

Bidhaa zinazofuata kiwango cha Ulaya cha EN 13859-1 huwa na alama W1, W2 au W3 inayoonyesha uwezo wa kuzuia maji. W1 ndiyo bora. Thamani ya Sd huonyesha jinsi mvuke unavyozuiliwa, ikilinganishwa na unene wa hewa tulivu: utando unaopumua vizuri huwa na Sd ya mita 0.05 au chini, wakati utando uliofunga huhesabiwa kwa mita nyingi. Kiwango hichohicho huupima utando baada ya kuuanika kwenye mwanga wa urujuanimno kwa saa 336 na kuuweka katika joto la nyuzi 70 kwa siku 90. Ufanisi uliobaki baada ya mateso hayo una maana zaidi kuliko ule wa utando mpya, hasa kwa paa la bati la nchi za joto.

Lebo hutaja pia muda ambao utando unaweza kukaa wazi juani. Huwa wiki kadhaa au miezi michache. Ujenzi unaosimama kwa kukosa fedha za bati huku tandiko likiwa tayari juu ya kenchi huweza kuliua kabla halijaanza kazi. Swali la moto nalo lisisahaulike: plastiki na lami huwaka, hivyo vyote hukaa mbali na bomba la moshi, na kazi ya kuchomelea hukamilishwa kabla ya kutandaza.

Kiasi na utandazaji

Kiasi cha kununua huhesabiwa kwa eneo la mteremko, wala si la sakafu. Paa la pande mbili linalofunika eneo la mita 10 kwa 12, kofia ikiwa imefuata urefu wa mita 12, na mteremko wa nyuzi 25, lina urefu wa mita 5.5 hivi kutoka ukingoni hadi kileleni kila upande. Rola lenye upana wa mita 1.5, likilaliana kwa sentimeta 15, hufunika mita 1.35 kwa kila safu inayoongezwa. Zinahitajika safu 4 kila upande, yaani jumla ya mita 96, na ukanda mmoja wa mita 12 wa kupita kileleni. Mita 108 zinazidi rola mbili za mita 50, na bado vipande vya kupotea havijahesabiwa. Kwa hiyo hununuliwa rola tatu.

Kazi huanzia chini. Safu ya kwanza hutandazwa kwa mlalo ukingoni mwa paa, ikivuka fishabodi ili maji yaangukie ndani ya gata, na kila safu inayofuata huilalia ile ya chini. Kwenye mteremko wa nyuzi 35 na zaidi, sentimeta 10 za kulaliana zinatosha. Kati ya nyuzi 15 na 34 huwa 15. Chini ya hapo huongezwa hadi zaidi ya 22. Maungio ya pembeni hukalia kenchi na hulaliana angalau sentimeta 10.

Utando usivutwe ukakaza kama ngoma. Kati ya kenchi mbili huachwa ulegee kwa sentimeta moja hivi, ili maji yapite chini ya papi badala ya kuzuiwa nazo na kuloweka mbao. Usilegee pia kiasi cha kufanya bwawa. Penye bomba, utando hukatwa kwa umbo la nyota, ncha zake zikapandishwa na kubanwa kwa kipande kinachojinata. Matundu ya hewa ukingoni na kileleni hubaki wazi na kuwekewa wavu wa wadudu, isipokuwa pale mtengenezaji wa utando unaopumua alipoelekeza vingine.

Ukaguzi hufanyika kabla ya bati au kigae cha kwanza kupanda. Mchaniko wowote hubandikwa kiraka kikubwa, ambacho ukingo wake wa juu huingizwa chini ya safu iliyo juu yake. Kiraka kilichobandikwa juu tu huvuja gundi ikichoka. Siku hiyo kasoro hurekebishwa kwa mkasi na kipande cha utando. Bati likishafungwa, kasoro hiyohiyo hudai kufumuliwa kwa paa.